Nta ya Juvenali

Msomaji uliyekuwa nami wiki iliyopita uliniacha nimekalia sanduku langu la spana, uani kwa Melania, huko Nyabusozi, na shemeji yake amenisimamia mbele akiniuliza nitaondoka lini.

Wewe unayeanza leo usihangaike, nakusogeza. Mimi ni Ndassa, Msukuma wa Shinyanga, kichwa kimejaa mvi. Nimeishi Geita, Kahama, Benaco, na miaka mingine nimeimalizia kwenye malori ya watu. Popote nilipofika niliondoka. Lusahunga, pale malori yanapopumzikia, niliugua homa nikatupwa nje ya gereji kama tairi lililokwisha. Melania, mjane anayeuza asali na maharage kando ya barabara, akanichukua. Nikapona. Kisha likanipata jambo ambalo halijawahi kunipata: sikutaka kuondoka.

Melania naye hakutaka niondoke. Lakini ua ule ulikuwa wa marehemu mumewe, Juvenali, na mlinzi wake alikuwa Leonidas, mdogo wake marehemu.

"Mzee, nimekuuliza," alisema Leonidas. Hakuwahi kunipa shikamoo hata siku moja, ijapokuwa ningeweza kumzaa. "Unaondoka lini?"

"Siondoki."

"Nani kakukaribisha?"

"Mimi," Melania akajibu kutoka jikoni.

"Shemeji, wewe unakaribisha wageni wa kula wakaenda. Huyu anataka kuwa mtu wa hapa. Hilo ni la Shangazi."

Shangazi huyo ni Eustakia, dada wa baba yao, aliyeolewa Murukulazo, kule Ngara. Katika ukoo ule, bibi huyo akisema neno hakuna wa kuongeza lingine.

"Basi kamlete," nikasema.

"Nimlete na nini? Gari hapandi, akipanda anatapika mpaka nyongo. Na pikipiki yangu ndiyo ile, inakohoa kuliko ulivyokuwa ukikohoa wewe."

"Mimi nimepona. Nayo itapona."

Leonidas akanitazama, akaitazama pikipiki, akatema mate pembeni.

"Sikia, Msukuma. Ukiitengeneza ikanifikisha Murukulazo na kunirudisha na Shangazi mgongoni, nitanyamaza, aseme yeye. Ikinizimikia njiani, nikirudi nisikukute."

Tukakubaliana hivyo. Pikipiki ndiyo ikawa posa yangu.

Ugonjwa wake niliujua kabla sijaugusa. Boksi la chujio la hewa, ambalo mafundi tunaliita eya klina, lilikuwa limepasuka, na vumbi jekundu la barabara zetu lilikuwa likiingia moja kwa moja kwenye kabureta. Injini ilikuwa inakula udongo.

Leonidas akaenda Lusahunga kwa Rwekaza, muuza spea. Boksi la aina ile halikuwapo. Akarudi na chujio la kubandika: dogo, la mviringo, mdomo wa mpira, sponji ndani. Halikutengenezwa kwa pikipiki ile wala halikujua habari zake.

"Rwekaza kasema fundi anayejua kazi atalifunga," akasema. "Mimi nimemwambia huyo fundi nasikia yupo, bado sijamwona."

Nikavua kiti, nikavua vifuniko vya ubavuni, nikalitoa boksi bovu. Palibaki uwazi mkubwa chini ya kiti, ungeweza kuingiza kuku akaatamia. Nikasafisha kabureta kwa petroli. Nikalilowesha sponji kwa oili, nikalikamua mpaka likabaki na unyevu tu, maana sponji kavu vumbi linapita likicheka. Nikalivika chujio kwenye mdomo wa kabureta, nikakaza klampu.

Lakini chujio la wazi namna ile, mvua moja tu ya Biharamulo na habari yake imekwisha. Nikakata debe la mafuta ya kula, nikalikunja likawa kisanduku kinachoziba uwazi wote chini ya kiti. Upande wa chini nikaacha tundu moja, la kupita vidole viwili, injini ipate kupumua.

"Hapo sasa unatengeneza pikipiki au unatengeneza jeneza?" Leonidas akauliza.

"Ngoja uisikie."

Nikapiga kiki, ikawaka. Nikaziba lile tundu kwa kiganja. Hicho ndicho kipimo nilichofundishwa Kahama: ukiziba na injini ikazimika, hakuna njia nyingine ya hewa. Ikiendelea kuunguruma, inaiba hewa mahali.

Ikaendelea kuunguruma. Viungo vya debe vilikuwa vinavujisha.

"Kaniletee gundi ya silikoni kwa Rwekaza."

"Imeisha. Nililiona kopo lake tupu, anawekea kalamu."

Safari ilikuwa kesho yake alfajiri.

Sasa nifike mahali penyewe, na nipaseme kama palivyokuwa. Jikoni kwa Melania, juu ya mafiga, palining'inia donge la nta limefungwa kwenye ganda kavu la mgomba. Nililiona tangu siku ya kwanza. Nilimwona pia Melania, akidhani niko nje, akiinua mkono na kuligusa, halafu akaendelea kukoroga maharage. Sikumuuliza ni la nini. Lakini mtu mzima haambiwi kila kitu kwa mdomo. Nilijua ile haikuwa nta ya kuokota.

Melania alikuwa kisimani. Nikaingia, nikalifungua lile ganda, nikakata nta kiasi. Halafu nikakata tena. Donge likabaki kama gumba la mkono wangu. Nikalifunga tena vizuri, nikalining'iniza vilevile, upande ule ule umetazama ukuta.

Ilikuwa nta nzuri, laini, yenye harufu ya mchaichai. Nikaishindilia kwenye viungo vyote kwa ndani na kwa nje, nikailainisha kwa kijiko cha moto mpaka ikateleza. Nikapiga msasa, nikapulizia rangi nyeusi kwa nje. Nikaziba tundu kwa kiganja: pap, injini ikazimika.

Nikachomoa plagi kuiangalia. Ilikuwa nyeupe mno, chujio lilikuwa linaingiza hewa nyingi kuliko petroli. Nikainua sindano ya kabureta hatua moja, nikaijaribu barabarani, nikaichomoa tena. Rangi ya majivu ya kuni kavu. Hapo injini imeridhika.

Leonidas akaipanda, akapotea nayo kuelekea Lusahunga, akarudi meno yote yako nje. Akashuka, akakipiga kiti kofi kama mtu anayempongeza ng'ombe.

"Mzee Ndassa," akasema, "shikamoo."

Nikaitikia nikijifuta oili mikononi. "Marahaba, mwanangu."

Melania alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake kichwani. Akacheka mpaka maji yakammwagikia.

Pikipiki ikaenda Murukulazo, ikarudi na Shangazi mgongoni. Alishuka peke yake, bibi mwembamba mwenye rozari shingoni na fimbo asiyoiegemea. Leonidas akaegesha chini ya mparachichi, kando ya jikoni, mahali ambapo mizinga ya Juvenali ililala imepangwa, mitupu.

Hiyo mizinga nayo ina habari yake, na siku ile nilikuwa naijua nusu. Juvenali alikuwa mrina asali. Alipokufa, nyuki wake wakahama wote. Leonidas akaitundika mizinga ya kaka yake msimu baada ya msimu, asiingie hata nyuki wa kupotea. Mwisho akaishusha, akasema nyuki wanaomboleza.

"Shikamoo, Shangazi," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye Msukuma?"

"Ndiye."

"Ng'ombe wako wako wapi?"

"Sina ng'ombe, Shangazi."

"Yeee! Msukuma asiye na ng'ombe! Wake?"

"Nilikuwa naye mmoja, zamani. Alichoka kunisubiri."

"Unasali wapi?"

"Sijabatizwa."

"Umesoma?"

"Darasa la nne, Shangazi, kwa vipande vipande. Kila shule nilipoingia, baba alihama."

"Kwa hiyo kuhama umerithi." Akamgeukia Melania. "Mama Scola, mwanaume huyu umempendea nini hasa?"

Melania akafuta mikono kwenye kanga yake. "Akiwa hapa, Shangazi, vitu vinatengenezeka."

Bibi akanywa uji. Jumapili wakaenda kigangoni kusali, na mimi nikaenda nao, nikakaa benchi la nyuma. Tuliporudi mchana, Leonidas aliona nyuki wachache wakizunguka pikipiki.

"Wana kiu," akasema. "Wameona tope kwenye matairi."

Mimi nyuki siwajui. Najua ng'ombe, kwa kuwaswaga wa watu wengine.

Jumatatu, jua limeshapanda, Shangazi akafunga mzigo wake bila kutamka neno lolote juu yangu. Leonidas akaisukuma pikipiki hadi katikati ya ua. Nikashindwa kuvumilia.

"Shangazi, na jibu?"

"Jibu langu huwa nalitoa nikiwa nimeshapanda," akasema. "Nikilitoa nimekaa chini, mnanibishia."

Akapanda. Akakaa upande, akaweka fimbo mapajani, akatengeneza kitenge chake. Melania akasimama karibu na mimi, karibu hasa, bega kwa bega.

"Nimemtazama mzee huyu," Shangazi akaanza. "Hajanidanganya, na nilimpa nafasi za kunidanganya. Kwa hiyo mimi nasema..."

Leonidas akapiga kiki.

Injini ikaguna, ikafa. Akapiga tena. Ikaguna, ikafa. Ilikuwa inakufa vile vile ilivyokufa nilipoiziba mdomo kwa kiganja.

"Tundu limezibwa," nikasema. "Ni tope tu. Ngoja."

Nikainama, nikaingiza kidole.

Ndugu yangu, mimi nimewahi kuungua na betri ya lori. Haikufikia pale. Nikaruka nyuma nikipiga kelele, na lile tundu la vidole viwili likaanza kumwaga nyuki kama gunia la ulezi lililotoboka.

"Nyuki!" Leonidas akaachia usukani, akaukimbilia mgomba. Mimi nikaishika pikipiki isianguke, maana bibi wa watu bado alikuwa juu yake, na nikawa nachomwa shingoni, masikioni, kila mahali.

"Shangazi, shuka!"

"Nashuka. Usinivute, mimi si mzigo wa mkaa." Akashuka polepole, amejifunika kitenge usoni, akatembea hadi jikoni kama anayekwenda kupokea komunyo. Alichomwa mguuni. Hakusema hata "aa".

Melania alikwishachukua majani mabichi na kijinga cha moto. Akaja na moshi, akavuvia pikipiki taratibu, akinong'ona maneno ya Kisubi nisiyoyajua. Nyuki wakaanza kutulia.

Leonidas akarudi mbio na kopo la petroli na kiberiti. "Shemeji, sogea! Nawachoma!"

"Uichome na pikipiki yako?"

Akasimama.

"Na hata isingekuwa pikipiki," Melania akasema, "hakuna atakayechoma nyuki kwenye ua huu. Mzee Ndassa, toa kiti."

Nikakitoa, jicho moja limeshavimba na kufumba. Ndani ya kisanduku changu cha debe, juu ya chujio langu, kundi zima lilikuwa limening'inia kama shada. Walikuwa wameanza kujenga. Kimkate cheupe, kidogo kama ulimi wa mtoto, kimeshikizwa kwenye nta niliyoipaka mimi.

Hapo ndipo nilipouona upumbavu wangu wote mzima. Sanduku la giza, tundu moja, nta ndani, nikalipitisha juani na joto la injini likalitangaza kwa harufu, kisha likaegeshwa mahali nyuki wa Juvenali walipokuwa wakiishi. Nilikuwa nimetengeneza mzinga, nikaufunga kwenye pikipiki, na nikausifu kwa kutovuja.

Leonidas akachungulia. Uso ukambadilika.

"Hawa... hawa wameingia wenyewe?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. "Mimi nimepaka nta kila msimu, Shangazi. Kila msimu! Hawakuja."

"Ulipaka nta gani?" Shangazi akauliza kutoka kwenye kigoda.

"Ya kununua."

Melania akakwangua kiungo cha debe kwa ukucha. Akanusa. Akabaki ameshikilia kidole puani, macho yameganda. Halafu akageuka, akaingia jikoni. Nikasikia ganda la mgomba likikwaruza.

Alipotoka, kile kipande kama gumba langu kilikuwa kwenye kiganja chake.

"Juvenali alikuwa akitwanga mchaichai," akasema, hakuwa anamwambia mtu yeyote. "Akiuchanganya mwenyewe. Hii ndiyo iliyokuwa imebaki."

"Naam," Shangazi akasema. "Nimeinusa tangu Murukulazo, nikadhani namkumbuka tu mtoto wa kaka yangu." Akagonga fimbo chini. "Sikilizeni, na wewe Msukuma usiyejua uniangalie. Katika ukoo huu, nyuki ni wa yule aliyepaka nta. Na nta ya marehemu haitoki kwa mjane mpaka aitoe mwenyewe, kwa mkono wake. Akimpa mwanaume, amempa mizinga. Na mwenye mizinga ndiye mwenye ua. Leonidas, wewe uliiomba?"

Leonidas akainamisha kichwa. "Niliiomba mara nyingi. Alininyima."

"Basi nauliza. Nta ya Juvenali, nani kampa huyu?"

Nikafungua mdomo. Mdomo umevimba, ulimi mzito.

"Mimi," Melania akasema.

Akasogea karibu na kigoda cha Shangazi.

"Mimi nilimpa. Siku ile alipokosa gundi. Nilimpa kwa mkono wangu."

"Shemeji!" Leonidas akapiga kelele. "Ulininyima mimi, damu ya Juvenali, ukampa huyu akapake pikipiki?"

"Nilimpa."

Hakunitazama. Alikuwa anatazama kile kipande kiganjani. Mimi nilimjua mwanamke yule. Huwa hasemi uongo hata kwa wateja wake, asali ikiwa na maji anasema ina maji. Na sasa alikuwa anadanganya mbele ya ukoo wa mumewe, kwa ajili ya mtu aliyemwibia jikoni alipokwenda kisimani.

Shangazi akaniita kwa fimbo. Nikasogea.

"Nilikuwa nimeshapanda," akasema, "na jibu langu lilikuwa mdomoni. Lilikuwa zuri kwako. Sasa halihitajiki tena, kwa maana kama alikupa, amekwisha kujibu mwenyewe. Nyuki wako, mizinga yako, kaa. Leonidas hatakuuliza tena kitu. Nataka nisikie kwako tu. Alikupa?"

Msomaji, kaa wewe mahali pangu. Nikisema ndiyo, nimepata ua, nimepata mwanamke, nimepata pa kuzikwa. Nikisema hapana, nimejifukuza, na nimemfanya Melania mwongo mbele ya watu wa mumewe. Neno lile lile lilikuwa linamwokoa na kumwibia mara ya pili.

Nikamtazama, kwa lile jicho moja lililobaki. Mkono wake ulikuwa umekunjwa kwenye ile nta kwa nguvu, vifundo vyeupe. Nikakumbuka alivyokuwa akiinua mkono kuligusa donge, akidhani hakuna anayemwona.

"Hakunipa, Shangazi," nikasema. "Nilichukua. Yeye hakuwepo, nami nilijua si yangu. Anadanganya kwa ajili yangu, msimshike kwa hilo."

Leonidas akavuta pumzi ndefu. Lakini hakucheka, na hilo lilinishangaza.

Shangazi akamtazama Melania, na sote tukamtazama Melania.

Naye akapita mbele yangu bila kunigusa, akaingia kibanda nilichokuwa nikilala. Akatoka amebeba sanduku langu la spana kwa mikono miwili, zito vile, akija nalo taratibu katikati ya nyuki.

Akaliweka miguuni pangu, kati yangu na pikipiki.

Ni sanduku lile lile ninaloondoka nalo kila mahali, na kwenye ua ule hapakuwa na kitu kingine cha kufungulia zile bolti nyuki watolewe. Nikasubiri aseme ni lipi, niondoke au nifungue.

"Mzee Ndassa," akasema, macho yamejaa machozi, "inama ulichukue."